KALAMU YA RISASI ISIYO NA RISASI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kibaha na Kisarawe. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili wanafunzi wapate kuyasoma tena polepole.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake ya risasi. Wiki iliyopita niliwaomba waalimu wenu walete darasani betri mbili za tochi, globu moja ndogo ya tochi, vipande vitatu vya waya, na bonge kavu la udongo mweupe wa Pugu. Kama vimepatikana, viwekeni mezani. Kama havikupatikana, msihangaike. Nitaeleza taratibu na mtafahamu.

Kwanza nina barua. Imeandikwa na mwanafunzi mmoja wa Kisarawe, ambaye mwaka jana hakuweza kuandika hata jina lake. Jina hilo sitalitaja, maana ni habari ya nyumbani kwake. Anaandika hivi:

"Mwalimu, binti yangu amefaulu kidato cha nne. Anataka kuendelea na fizikia na hesabu. Nikamwuliza, utahesabu nini? Akasema kuna watu ambao kazi yao ni kuhesabu mwendo wa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mimi ni mkulima wa mihogo na mikorosho. Nahesabu magunia kwa sababu nayaona. Je, kuhesabu kitu kisichoonekana ni kazi, au ni kupoteza miaka ya mtoto?"

Swali hili ni zuri, na halijibiwi kwa maneno matupu. Basi leo tutalijibu kwa kutazama kitu kilicho mkononi mwenu sasa hivi.

Kalamu na asili yake

Shikeni kalamu zenu. Twaiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi hata kidogo. Watu wa Ulaya wa zamani walipoona madini yale meusi walidhani ni namna ya risasi, na jina hilo limeendelea mpaka leo. Madini yenyewe kwa Kiswahili ni kinywe. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: KI-NYWE. Wanafunzi, lisomeni pamoja.

Kinywe husagwa kikawa unga, kikachanganywa na udongo laini, kisha kikachomwa motoni kama chungu. Njia hii ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1795 na mtu aitwaye Nicolas-Jacques Conté. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu. Kinywe kikizidi, kalamu huwa laini na nyeusi.

Kinywe kipo katika nchi yetu. Kipo Mahenge, wilaya ya Ulanga. Kipo Ruangwa, mkoa wa Lindi. Kipo pia Mererani, kule kule kwenye tanzanaiti. Na ule udongo mweupe, ambao wataalamu huuita kaolini, upo karibu nanyi, katika vilima vya Pugu. Wengi wenu mmeyasikia au kuyaona mapango ya popo ya Pugu. Mapango yale ni machimbo ya zamani ya udongo huo.

Jaribio

Sasa tufanye jaribio. Chukueni kalamu fupi, mwichonge pande zote mbili mpaka moyo mweusi uonekane huku na huku. Pangeni betri mbili kama zinavyokaa ndani ya tochi. Unganisheni waya kutoka betri mpaka ncha moja ya kalamu. Kutoka ncha ya pili, waya mwingine uende kwenye globu, na kutoka globu waya wa tatu urudi kwenye betri.

Tazameni. Globu inawaka. Pengine mwanga ni hafifu, lakini inawaka. Umeme umepita ndani ya kinywe.

Sasa ondoeni kalamu, mweke bonge la udongo mweupe mahali pake. Liwe kavu kabisa. Tazameni tena. Globu haiwaki.

Hapa nina onyo. Fanyeni jambo hili kwa betri za tochi tu. Msithubutu kuingiza kalamu au waya katika soketi ya umeme wa nyumba. Umeme ule huua.

Jaribio ni dogo, lakini lina fumbo ndani yake. Kinywe na kaolini vyafanana sana kwa umbo la ndani. Vyote viwili ni rundo la karatasi nyembamba mno, moja juu ya nyingine, kama mikeka iliyorundikwa dukani. Katika unene wa milimeta moja ya kinywe mna karatasi kama milioni tatu. Mnapoandika, karatasi hizo huteleza, zikaachana, zikabaki juu ya daftari. Ndiyo sababu kalamu huandika.

Basi, ikiwa vyote viwili ni mikeka juu ya mikeka, kwa nini kimoja chapitisha umeme na kingine chakataa? Jicho haliwezi kujibu. Aliyejibu ni mwenye hesabu.

Elektroni ni nini

Andikeni neno la pili: E-LE-KTRO-NI. Kila kitu duniani kimejengwa kwa vipande vidogo mno viitwavyo atomi. Kila atomi ina kiini katikati, na pembeni mwa kiini mna elektroni. Elektroni zikisafiri pamoja, huo ndio umeme wa ndani ya waya. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ile ipitayo Pugu, Soga na Ruvu, hupata nguvu yake kwa elektroni zinazotikisika katika waya uliotandazwa juu ya reli.

Sasa fikirini juu ya nafasi. Ndege angani aweza kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Hizo ni njia tatu. Sisimizi juu ya mkeka ana njia mbili tu, maana hawezi kuruka. Sisimizi juu ya uzi ana njia moja, mbele na nyuma. Na sisimizi aliyefungiwa ndani ya kisanduku cha kiberiti hana pa kwenda.

Elektroni nazo ni hivyo hivyo. Ndani ya bonge la shaba zina njia tatu. Ndani ya karatasi moja ya kinywe zina njia mbili. Na mahali zilipobanwa, tabia yao hubadilika. Mtaalamu wa leo hutaka kujua: nikiibana elektroni hivi, itafanya nini?

Kwa nini tabia hubadilika? Kwa sababu elektroni haiendi kama kokoto iliyotupwa. Huenda kama wimbi. Mnalijua zeze. Uzi wake umefungwa huku na huku, na kwa sababu umefungwa, hautoi kila sauti. Hutoa sauti fulani tu. Mpigaji akiubana uzi kwa kidole, ukawa mfupi, sauti hupanda. Elektroni iliyobanwa mahali padogo nayo haina kila kiasi cha nguvu. Ina viasi fulani tu, na mahali pakiwa pafupi, viasi hivyo hupanda.

Hupanda kwa kiasi gani? Hapa ndipo hesabu inapoingia. Ukiifungia elektroni katika urefu ulio nusu ya ule wa kwanza, nguvu yake haiwi mara mbili. Huwa mara nne. Ukiifungia katika theluthi, huwa mara tisa. Andikeni:

2 × 2 = 4
3 × 3 = 9

Na ukiifungia katika robo? Hiyo nawaachia nyinyi.

Msidhani kwamba hesabu hii ni mchezo. Kuna punje ndogo mno za madini, ambazo rangi yake hutokana na ukubwa wake tu. Punje kubwa kidogo hung'aa nyekundu. Punje ndogo zaidi ya madini yale yale hung'aa buluu. Punje hizo hutumika katika baadhi ya televisheni. Mwaka 2023 Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya kuzigundua na kuzitengeneza.

Nyumba ya ghorofa mbili

Sasa turudi kwenye fumbo letu la kinywe na kaolini. Fikirini nyumba ya ghorofa mbili. Ghorofa ya chini imejaa watu kama daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna awezaye kusogeza hata mguu. Ghorofa ya juu ni tupu. Mtu atakaye kutembea hana budi apande juu.

Katika kaolini ghorofa ya juu iko mbali sana, na ngazi hakuna. Betri ya tochi haina nguvu ya kupandisha hata elektroni moja. Basi zote zimekaa palepale zilipo, na globu haiwaki.

Katika shaba mambo ni mengine. Ghorofa ya chini haikujaa, imejaa nusu, na elektroni zatembea zipendavyo. Kwa hiyo waya wa shaba ni mzuri kwa umeme.

Na kinywe je? Mwaka 1947 mwanafizikia wa Kanada, Philip Russell Wallace, alitaka kujua jambo hilo. Wakati ule kinywe kilikuwa na kazi kubwa katika mitambo ya nguvu za atomi, na watu walihitaji kukifahamu vizuri. Wallace alitaka kuhesabu kinywe kizima. Lakini kwa kuwa kinywe kizima kina hesabu ngumu, alianza na karatasi moja tu, ile ambayo leo yaitwa grafini.

Karatasi hiyo imepangwa kama sega la nyuki. Kila pembe ya tundu pana atomi moja ya kaboni. Kila kaboni ina elektroni nne za nje. Tatu humshika jirani, kila moja jirani wake. Ya nne ni huru.

Mtauliza: mtu awezaje kuhesabu elektroni za atomi zisizo na idadi? Wasusi wa mikeka mliomo darasani mnalijua jibu. Mkeka wenye mapambo una sehemu moja inayojirudia. Ukiijua sehemu hiyo, umeujua mkeka mzima. Katika karatasi ya kinywe, sehemu inayojirudia ina atomi mbili tu. Kwa hiyo hesabu ya Wallace yaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi.

Jibu alilolipata lilikuwa la ajabu. Ghorofa ya chini imejaa, na ya juu ni tupu, kama katika kaolini. Lakini ghorofa hizo mbili hazikuachana. Zagusana, na zagusana mahali padogo kama ncha ya sindano. Chukueni makawa mawili ya kufunikia chakula. Moja liwekeni mezani kama kawaida, ncha juu. La pili lipindueni, ncha chini, mliweke juu ya la kwanza, ncha kwa ncha. Hilo ndilo umbo lililotoka katika hesabu.

Umbo hilo lina maana. Mteremko wa kawa ni mnyoofu. Kwa sababu hiyo, elektroni zilizo karibu na ncha zote hukimbia kwa mwendo mmoja, yenye nguvu nyingi na yenye nguvu kidogo, kana kwamba hazina uzito, kama mwanga. Mwendo wao ni kama kilometa 1,000 kwa sekunde moja. Mwanga huenda kama kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Gawanyeni wenyewe, mwone mwanga unazishinda mara ngapi.

Na karatasi zikirundikana zikawa kinywe kizima, zile ghorofa mbili huingiliana kidogo. Baadhi ya elektroni hupata nafasi ya kutembea. Ndiyo maana globu yenu imewaka.

Hesabu ilitangulia, mkono ukafuata

Wallace alihesabu karatasi moja mwaka 1947, lakini karatasi yenyewe peke yake hakuna aliyekuwa nayo. Tena kulikuwa na hesabu nyingine, ya miaka ya 1930, iliyosema kwamba karatasi yenye unene wa atomi moja haiwezi kudumu. Joto litaitikisa mpaka ivurugike. Waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wanafizikia wakubwa, Rudolf Peierls na Lev Landau.

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov na wenzao walichukua kinywe na selotepu. Walibandika, wakabandua. Wakabandika tena, wakabandua tena. Kila mara kinywe kilizidi kuwa chembamba. Mwishowe, juu ya kipande cha silikoni, walipata karatasi moja. Mwaka 2005 vipimo vilionyesha kwamba elektroni zake zakimbia kama hesabu ya Wallace ilivyosema. Miaka 58 ilikuwa imepita. Geim na Novoselov walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010.

Je, hesabu ya Landau na Peierls ilikuwa ya uongo? Sivyo. Walihesabu karatasi bapa kabisa, inayoelea peke yake. Karatasi halisi ina mikunjo midogo, au imelazwa juu ya kitu kinachoishika. Hapo twajifunza kwamba hesabu hujibu swali lile lile ulilouliza, na hilo tu. Ukiuliza swali lisilofanana na dunia, utapata jibu lisilofanana na dunia. Kwa hiyo mwenye hesabu na mwenye kupima hawana budi kufanya kazi pamoja.

Nitawapa mifano miwili mingine. Chukueni mkeka, mwuviringishe uwe bomba. Mwaweza kuuviringisha wima, na mwaweza kuuviringisha mshazari. Kwenu nyinyi ni mkeka ule ule. Lakini mwaka 1992 wataalamu wa Japani na Marekani walihesabu kwamba karatasi ya kinywe ikiviringishwa kwa njia moja itapitisha umeme kama chuma, na ikiviringishwa kwa njia nyingine haitapitisha vile. Mwaka 1998 vipimo vilithibitisha.

Mfano wa pili. Laza mkeka juu ya mkeka, kisha mzungushe ule wa juu kidogo tu. Mwaka 2011 Rafi Bistritzer na Allan MacDonald, huko Texas, Marekani, walihesabu kwamba karatasi mbili za kinywe zikizungushwa karibu digrii 1.1, elektroni zake zitapunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Digrii 1.1 ni kidogo sana. Ni kama mkono wa dakika wa saa unavyosogea kwa sekunde 11. Mwaka 2018 wataalamu wa Massachusetts walizungusha hivyo, wakapoza karatasi hizo karibu digrii 271 chini ya sifuri. Umeme ukapita bila kizuizi chochote.

Hebu fikirini mtu ambaye hakuwa na hesabu ya mwaka 2011. Angezungusha kwa digrii ngapi? Digrii 5? Digrii 20? Angetafuta maisha yake yote. Hesabu ilimwambia mwenye kupima mahali pa kutazama.

Kazi hii hufanywaje leo

Madini mengine si rahisi kama karatasi ya kinywe. Elektroni ni nyingi, na kila moja husukumana na zote nyingine. Kuifuata kila moja haiwezekani. Mwaka 1964 na 1965 Walter Kohn, pamoja na Pierre Hohenberg na Lu Jeu Sham, walionyesha njia nyingine. Fikirini gulio. Ukitaka kujua habari za gulio, huna haja ya kumfuata kila mtu nyuma. Jua tu mahali gani pana watu wengi na mahali gani pana wachache. Kohn alionyesha kwamba kwa elektroni, kujua msongamano huo kwatosha. Alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998. Hesabu za namna hiyo hufanywa kwa kompyuta, na ziko programu ambazo mtu hupewa bure.

Msidhani kwamba kazi hii ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 1964 Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, alianzisha kituo huko Trieste, Italia, ili watu wa nchi maskini wapate mahali pa kujifunza fizikia ya hesabu. Salam alijua shida ya msomi aliye peke yake, mbali na wenzake. Baadaye ikaanzishwa shule ya Afrika ya hesabu za elektroni, ambayo hukutana kwa majuma machache katika nchi mbalimbali. Mwaka 2010 ilikutana Cape Town. Mwaka 2012 ilikutana Eldoret, Kenya. Baadaye ilifika Johannesburg, Accra na Addis Ababa. Na tangu mwaka 2018 kuna taasisi ya fizikia ya Afrika ya Mashariki huko Kigali, Rwanda, yenye uhusiano na kituo kile cha Trieste.

Angalieni jambo hili. Mashine za kupima vitu vidogo ni ghali mno. Lakini mwenye hesabu huhitaji kompyuta, umeme, vitabu, na mwalimu mzuri. Hivyo si vitu rahisi, lakini vyapatikana. Mlango wa hesabu ndio ulio karibu zaidi na mtoto wa mkulima.

Jibu la barua

Sasa nitamjibu ndugu yetu wa Kisarawe.

Ndugu, umesema wahesabu magunia kwa sababu wayaona. Nakuomba ufikiri tena. Kabla ya masika, shamba likiwa bado ni majani matupu, wewe hupima kwa hatua. Hukadiria miche. Hukadiria vibarua. Husema moyoni, nikipata mvua ya kutosha nitapata magunia kadha, niuze kadha, nibakize kadha ya chakula. Magunia hayo yako wapi wakati ule? Hayapo. Huyaoni. Lakini huyahesabu, na kwa hesabu hiyo waamua uweke fedha zako wapi. Mavuno yakija, walinganisha. Kama umekosea, mwaka wa pili wasahihisha.

Kazi anayoitaka binti yako ndiyo hiyo hiyo. Wallace alikadiria mavuno ya shamba ambalo lilikuja kulimwa baada ya miaka 57. Hesabu ya kitu kisichoonekana ni kazi ya kila mkulima. Tofauti ni shamba.

Sitakudanganya. Kazi za kuhesabu elektroni peke yake hapa kwetu ni chache. Wako wasomao fizikia wakawa waalimu, wahandisi, mafundi wa umeme, au watumishi wa hospitali kwenye mashine za eksirei. Na safari ya masomo hayo ni ndefu. Huenda akachoka njiani, kama mtu yeyote.

Lakini tazama kalamu yako. Kinywe hiki kimo ndani ya betri ya simu yako pia, na ndani ya betri za magari ya umeme. Umeme ukiingizwa, chembe za madini ya lithi hujipenyeza kati ya karatasi na karatasi, zikakaa humo mpaka zitakapohitajiwa. Nchi za mbali zakitafuta kinywe kwa ajili ya kazi hiyo, na sisi tunacho. Kati ya jiwe la Mahenge na betri ya simu kuna kazi nyingi: kusafisha, kupima, kuchagua, kutengeneza. Karibu kila hatua ina hesabu ndani yake. Mtu asiyezijua hatua hizo huuza gunia, akapokea bei ya gunia. Mimi sikuamulii mambo ya nyumba yako. Mzungumze, wewe na mama yake, na binti mwenyewe awepo. Nami nakuomba umwulize swali moja kabla hujamkatalia: akueleze kwa kalamu na daftari, pale mezani, kile anachotaka kuhesabu. Sasa waweza kusoma atakachoandika.

Maswali ya darasa

Sasa tumefika mwisho. Jibuni maswali haya katika madaftari yenu. Andikeni kwa sentensi kamili.

1. Kwa nini jina "kalamu ya risasi" si sahihi?
2. Kinywe na kaolini vyafanana kwa jambo gani? Vyatofautiana kwa jambo gani?
3. Sisimizi juu ya mkeka ana njia ngapi? Na juu ya uzi?
4. Elektroni ikifungiwa katika robo ya urefu wa kwanza, nguvu yake huwa mara ngapi?
5. Mwendo wa mwanga ni kilometa 300,000 kwa sekunde. Mwendo wa elektroni katika karatasi ya kinywe ni kama kilometa 1,000 kwa sekunde. Mwanga huzishinda elektroni hizo mara ngapi?
6. Taja kitu kimoja ambacho wewe mwenyewe hukihesabu kabla hujakiona. Eleza jinsi unavyokihesabu, na jinsi unavyojua kama ulikosea.

Swali la sita halina jibu moja. Nileteeni majibu yenu kwa barua, na machache nitayasoma hapa wiki ijayo.

Kabla ya kuondoka, kila mtu aandike jina lake zima chini ya majibu. Mkiandika, mjue kwamba mnalaza karatasi za kinywe juu ya karatasi ya daftari. Nyingi ni nene, lakini pengine katika mstari wenu mna kipande chenye unene wa atomi moja, kama kile kilichotafutwa kwa selotepu Manchester.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya sumaku. Mwalimu, tafadhali tafuta misumari sita na waya mrefu kidogo wenye ngozi ya plastiki. Kwaherini, mabibi na mabwana. Usiku mwema.